UZI: Umeme wa upepo unavyozalishwa, na mtambo unavyotakiwa kufanya gridi inapoyumba

MlinziWaMasafa (mwanzisha uzi)

Salaam wakuu.

Kwenye uzi mwingine wa nishati watu wamebishana kurasa kadhaa kuhusu umeme wa upepo, na pande zote mbili zilikuwa zinahesabu megawati tu. Huyu anasema shamba fulani lina megawati 300, yule anamjibu kwamba upepo ukikata hizo 300 zinakuwa sifuri. Mimi nimefanya kazi hii miaka mingi, kwanza juu ya minara nikikaza bolti na kubadilisha vipuri, baadaye kwenye chumba cha kuendeshea gridi. Nilichojifunza ni kwamba kuna swali kubwa kuliko la megawati: je, mtambo huo unafanya nini katika ile sekunde gridi inapopata pigo? Nitafika huko. Kwanza tuuelewe mtambo wenyewe, maana asiyeujua hawezi kulifuata hilo swali.

Hewa ina uzito. Mita moja ya ujazo, usawa wa bahari, ni kama kilo 1.2. Hewa hiyo ikiwa kwenye mwendo inabeba nishati, na nguvu iliyomo hupanda kwa kipeo cha tatu cha kasi ya upepo. Hapa ndipo penye siri yote. Chukua mtambo ambao mapanga yake yakizunguka yanachora duara lenye kipenyo cha mita 120, yaani eneo la mita za mraba 11,300 hivi. Upepo wa mita 4 kwa sekunde utakupa kama megawati 0.2. Upepo huohuo ukifika mita 8 kwa sekunde, unapata 1.6. Kasi imezidi mara mbili, umeme umezidi mara nane. Ndiyo maana wanaopima eneo husimamisha mnara wa vipimo na kuuacha mwaka mzima au zaidi kabla hata jembe halijagusa ardhi. Ukikosea kidogo kwenye kasi, umekosea sana kwenye umeme.

Huwezi kuuchukua upepo wote. Mjerumani Albert Betz alionyesha mwanzoni mwa karne iliyopita kwamba kikomo ni asilimia 59.3. Sababu ni rahisi ukiiwaza: ukiinyang'anya hewa mwendo wake wote, itasimama palepale nyuma ya mapanga na kuzuia ile inayokuja. Lazima uiachie mwendo wa kuondokea. Mitambo ya leo hupata kati ya asilimia 40 na 50, na hiyo ni kazi nzuri sana ya uhandisi.

Watu wengi hudhani upepo unayasukuma mapanga kama unavyosukuma mlango. Sivyo. Panga limechongwa kama bawa la ndege. Hewa inapopita, presha ya upande mmoja inashuka kuliko ya upande wa pili, na panga linavutwa kuelekea huko. Waliowahi kukaa kwenye jahazi likienda joshi wanalijua jambo hili mwilini: chombo kinakatiza upepo badala ya kukimbizwa nao, na bado kinachapa mwendo. Kwa mbali utaona mapanga yanazunguka polepole, labda mara 12 kwa dakika. Lakini kwenye duara la mita 120, ncha ya panga inakwenda karibu kilomita 270 kwa saa.

Mizunguko 12 kwa dakika haitoshi jenereta ya kawaida. Kwa hiyo kwenye mitambo mingi kuna giaboksi inayopandisha mwendo hadi kama 1,500. Mingine haina giaboksi kabisa. Hiyo hutumia jenereta pana yenye sumaku nyingi, inayozunguka taratibu pamoja na mapanga. Umeme hutoka kwenye jenereta ukiwa na volti 690 mara nyingi, unapita kwenye transfoma ya mtambo hadi kilovolti 33 au karibu na hapo, unakusanywa na nyaya za chini ya ardhi hadi kituo cha kupozea umeme, na huko unapandishwa tena kwenda kwenye laini ya msongo mkubwa.

Nawapa kisa kimoja cha juu ya mnara. Kwenye paa la kile kichwa cha mtambo, mita 80 hivi kutoka chini, kuna kifaa kidogo cha kuonyesha upepo unatoka wapi, mkia wake hauzidi kiganja. Mtambo mzima, tani nyingi za chuma, hujigeuza kwa kukitii hicho. Kulikuwa na mtambo mmoja uliokuwa unatoa umeme pungufu kuliko wenzake majuma kadhaa. Tulikagua giaboksi, tukakagua jenereta, tukakagua mapanga, hakuna kitu. Nilipopanda paani na kulaza rula kwenye alama ya kifaa kile, nikakuta aliyekifunga baada ya matengenezo alikikaza kikiwa kimepinda kama digrii 15. Mtambo ulikuwa unautazama upepo kwa jicho la pembeni. Kinadharia kosa hilo hula karibu sehemu ya kumi ya umeme. Bolti mbili, dakika tano, na usiku uleule mstari wake kwenye skrini ulipanda ukakaa sawa na wa jirani zake.

Karibuni maswali kabla sijaingia kwenye gridi.

---

Kipimajoto

Mkuu, asante, uzi umeshiba. Swali: mara nyingi napita karibu na hii mitambo, upepo unavuma mpaka vumbi linaruka, lakini unakuta miwili mitatu imesimama. Hiyo mibovu?

---

MlinziWaMasafa

Ndugu, sababu ni kadhaa. Upepo wa chini unaorusha vumbi si ule wa juu. Mtambo huanza kuzalisha kwenye mita 3 au 4 kwa sekunde, na unafikia uwezo wake kamili kwenye mita 11 hadi 13. Kuanzia hapo mapanga yanajipindua kidogokidogo kwenye mashina yao ili kuuachia upepo wa ziada upite. Ukifika mita 25 hivi kwa sekunde, mitambo mingi inajisimamisha yenyewe kwa usalama. Kwa hiyo kuna siku imesimama kwa sababu upepo ni mkali mno.

Sababu ya pili ni matengenezo. Hakuna fundi anayeingia kwenye kitovu cha mapanga kabla ya kupenyeza pini ya chuma inayoufunga mzunguko. Breka pekee hatuiamini na maisha ya watu.

Ya tatu ndiyo inayoniuma: mtambo mzima kabisa, upepo upo, lakini chumba cha udhibiti kimeuambia upunguze au usimame kwa kuwa laini ya kusafirisha umeme imejaa, au watumiaji ni wachache saa hiyo. Umeme huo haurudi tena.

---

Waya_Mkuu

Hiyo ya laini nimeishuhudia kwa namna nyingine. Wanasiasa hupenda kupiga picha chini ya mitambo, laini haina wa kupiga naye picha. Mfano wa wazi ni mradi wa Ziwa Turkana kule Kenya: mitambo 365, kila mmoja kilowati 850, jumla megawati 310. Mitambo ilikuwa tayari mwaka 2017. Laini ya kilovolti 400 ya kuupeleka umeme Suswa, zaidi ya kilomita 400, ikaja kukamilika Septemba 2018. Muda wote huo upepo ulikuwa unapita bure. Wenye upepo mzuri mara nyingi wako mbali na wenye viwanda, kwa hiyo laini ni nusu ya mradi, haifai kuwekwa mwisho kama kiambatisho.

---

MlinziWaMasafa

Umenena, na niliitaja kwa haraka mno pale juu. Mradi usiohesabu laini tangu siku ya kwanza haujahesabiwa.

Sasa gridi.

Umeme wa gridi hutumika sekunde ileile unapozalishwa. Nyaya hazihifadhi kitu. Kipimo kinachotuambia kama mizani imekaa sawa ni masafa, yaani mara ngapi umeme unakwenda na kurudi kwa sekunde moja: hezi 50 kwa nchi nyingi, 60 kwa Marekani na nyinginezo. Kwenye chumba cha udhibiti namba hiyo iko ukutani, kubwa kuliko saa. 50.01. 49.98. 50.02. Ukikaa nayo zamu nyingi unaanza kuisikia kama mapigo ya moyo. Watumiaji wakizidi uzalishaji inashuka, uzalishaji ukizidi inapanda.

Kwa nini inashuka? Jenereta za maji, gesi na mvuke zimefungamana na gridi kwa nguvu za sumaku, zote zinazunguka kwa mwendo mmoja kama watu wanaobeba gogo moja. Mbebaji mmoja akianguka, uzito unawaangukia wengine papo hapo na mwendo wa kundi lote unapungua. Lakini haupungui ghafla, kwa sababu mashine hizo ni mamia ya tani za chuma kinachozunguka, na chuma kizito hakipotezi mwendo mara moja. Ukaidi huo wa kutotaka kubadili mwendo, inersia, hutununulia sekunde chache. Katika sekunde hizo vidhibiti vya mitambo mingine hufungua maji au gesi zaidi. Masafa yakiendelea kushuka, rilei, yaani vifaa vya kinga vinavyokata umeme vyenyewe, zinaanza kukata baadhi ya wateja ili kuokoa waliobaki.

Mtambo wa upepo wa kisasa hauko kwenye lile gogo. Kwa kuwa upepo hubadilika, mapanga yanaachiwa yaende kwa mwendo yanaotaka, na kati ya jenereta na gridi kuna vifaa vya elektroniki vinavyogeuza umeme huo uwe wa masafa sahihi. Kwenye aina moja umeme wote unapita humo, kwenye aina nyingine ni kama theluthi tu. Inafanya kazi vizuri sana siku zote za kawaida. Lakini maana yake ni kwamba masafa yakishuka, mapanga yale hayana habari, mpaka mtu aandike kwenye programu yake nini cha kufanya.

Ndipo lilipo lile swali langu la mwanzo.

---

HesabuKwanza

Naomba nipinge kidogo mkuu, kwa heshima. Hapa unazunguka tatizo kubwa. Australia Kusini walijaza upepo na mwaka 2016 jimbo zima likaingia giza. Hiyo si inersia wala programu, ni upepo kutotegemewa.

---

MlinziWaMasafa

Nashukuru umeileta, maana kisa hicho nimekisoma mstari kwa mstari na kinasema kitu tofauti na kinavyosimuliwa.

Tarehe 28 Septemba 2016 upepo ulikuwepo, tena mwingi. Kulikuwa na dhoruba, vimbunga viliangusha minara zaidi ya 20 ya laini za msongo mkubwa. Kila laini iliyopata hitilafu ilishusha volteji ya gridi kwa muda mfupi sana, kisha ikarudi. Hilo lilitokea mara sita ndani ya dakika mbili. Mitambo ya upepo ilivumilia mshtuko wa kwanza, wa pili, na inayofuata. Lakini ndani ya programu ya mashamba kadhaa kulikuwa na kikomo: ukipata mishtuko kadhaa ndani ya muda fulani, jitoe au punguza. Waendeshaji wa gridi hawakujua kuwa kikomo hicho kipo. Megawati 456 zikaondoka ndani ya sekunde chini ya 7. Njia ya umeme kutoka jimbo jirani la Victoria ikavuta mzigo wote huo, ikazidiwa, ikajikata. Jimbo likabaki peke yake, masafa yakaporomoka kwa kasi ambayo rilei za kukata wateja hazikuweza kuiwahi. Wateja kama 850,000 gizani.

Kwa hiyo ndugu yangu, siku hiyo upepo haukukata. Kilichokata ni namba iliyoandikwa kwenye programu, ambayo hakuna aliyeuliza. Baadaye walibadilisha namba hizo na mashamba yakaweza kuvumilia mishtuko zaidi. Wakajenga betri ya Hornsdale, megawati 100, ikaanza kazi mwishoni mwa 2017. Wakaongeza pia mashine nne kubwa ambazo hazizalishi umeme wowote, kazi yake ni kuzunguka tu pamoja na gridi, kuipa inersia na kuishikilia volteji. Fikiria: wamelipia chuma kizunguke, na ni uamuzi sahihi kabisa.

---

HesabuKwanza

Nimekuelewa kwenye hilo. Nilikuwa nimelishika kwa habari za magazeti. Lakini bado kuna upepo kutulia kabisa, siku mbili tatu mfululizo. Huo programu haiutibu.

---

Rilei21

Kabla hamjahamia huko, niongeze ya Uingereza, tarehe 9 Agosti 2019. Radi ilipiga laini jioni. Laini yenyewe ilijirekebisha haraka kama ilivyopangwa. Lakini ule mtikisiko mdogo wa volteji ulifika kwenye shamba la baharini la Hornsea, vidhibiti vyake vikashindwa kutulia, na megawati 737 zikaondoka kwa mkupuo. Muda uleule kituo cha gesi cha Little Barford nacho kikajikata. Masafa yakashuka hadi hezi 48.8, na zaidi ya wateja milioni moja wakakatwa ili wengine wapone.

Mimi kazi yangu ni kupanga vifaa vya kinga vya gridi. Mtu akiniletea mradi, ukurasa wa kwanza ninaoufungua ni ule unaosema mtambo utakaa gridini kwa muda gani volteji ikishuka. Nchi nyingi zimeandika sharti kwenye kanuni za gridi: volteji ikianguka hata kukaribia sifuri kwa sehemu ndogo ya sekunde, mtambo usijitoe, na wakati huohuo usaidie kuinyanyua volteji. Miaka ya nyuma ilikuwa kinyume, mitambo iliamriwa kujitoa haraka kukiwa na hitilafu. Ilifaa ilipokuwa michache. Ikishakuwa mingi, kila mmoja akikimbia ndiyo gridi imekufa.

---

MlinziWaMasafa

Rilei21, kura yangu unayo. Ningeongeza kwamba karatasi haitoshi. Jaribuni mtambo kwa vitendo na muangalie umbo la mkondo wa umeme unaotoka.

Sasa HesabuKwanza, utulivu wa siku mbili tatu. Ni tatizo la kweli na sitalipunguza. Mambo matatu yanalishughulikia, na hayana uzito sawa.

Utabiri wa hali ya hewa ndio wa bei nafuu kuliko yote. Upepo haukatiki kama balbu. Shamba lenye mitambo mia moja hushuka kwa dakika na saa, na mashamba yaliyotawanyika mamia ya kilomita hayashuki kwa pamoja. Mwendeshaji akijua leo kwamba kesho alasiri atapungukiwa, ana muda wa kupanga. Betri ni za sekunde, dakika na saa chache, hazikuvushi juma la utulivu.

La tatu, na kwangu ndilo lenye nguvu kuliko yote, ni maji. Upepo ukivuma unafunga milango ya bwawa na maji yanabaki kimo chake. Upepo ukitulia unafungua. Bwawa linakuwa betri bila mtu kununua betri. Denmark miaka ya karibuni hupata zaidi ya nusu ya umeme wake kwenye upepo, na haina milima wala mabwawa ya maana. Ina nyaya chini ya bahari kwenda Norway tangu miaka ya 1970, na Norway ina maji. Upepo ukizidi, umeme unapanda kaskazini na Wanorway wanapumzisha mabwawa yao. Ukipungua, unarudi. Gridi yenye mabwawa na yenye upepo inashika vitu viwili vinavyofaana kama chanda na pete.

Pale pasipo na maji wala jirani wa kuunganishwa naye, gesi au mitambo mingine ya akiba itabaki, na gharama yake lazima iandikwe kwenye hesabu ya mradi. Hapo niko upande wako.

---

Kumbukumbu_za_Fundi

Nimefurahi Denmark imetajwa. Poul la Cour, mwalimu na mvumbuzi wa huko, alijenga mtambo wake pale Askov mwaka 1891, na swali lililomsumbua ni hilihili la upepo ukitulia. Alitumia umeme kuyatenganisha maji, akahifadhi hidrojeni, na gesi hiyo ikawasha taa za shule. Miaka mitatu kabla yake, Charles Brush huko Cleveland, Marekani, alikuwa na mtambo wa kilowati 12 wenye mapanga 144, ukijaza betri za nyumba yake. Mwanafunzi wa la Cour, Johannes Juul, ndiye aliyejenga mtambo wa Gedser mwaka 1957: mapanga matatu, kilowati 200, ukiwa umeunganishwa moja kwa moja kwenye gridi. Ulifanya kazi miaka kumi hivi. Ukiiona picha yake leo unautambua mara moja, ni babu wa hii tunayoiona.

---

Kipimajoto

Mkuu, swali langu la mwisho. Gridi ikishazimika yote, giza totoro, halafu upepo unavuma. Hii mitambo inaweza kuiwasha gridi? Au inakaa tu inasubiri kituo cha maji kianze?

---

MlinziWaMasafa

Mingi iliyopo leo inasubiri. Vifaa vyake vya elektroniki vinahitaji kuiona volteji ya gridi kwanza ndipo viifuate, kama mwimbaji anayesubiri kupewa sauti. Pasipo sauti hakuna wimbo. Hata mota za kugeuza kichwa na kupindua mapanga zinataka umeme kutoka nje au akiba ndogo.

Lakini inawezekana kuandikiwa programu ya aina nyingine, ambamo mtambo unatoa sauti wenyewe: unajenga volteji na masafa kutoka sifuri na kuwaachia wengine waufuate. Mwaka 2020 kule Uskoti, shamba la Dersalloch, megawati 69, lilifanyiwa jaribio hilo. Walilitenga na gridi, wakaanza bila umeme wa nje, mitambo ikasimamisha volteji, kisha wakawasha kipande cha gridi iliyokufa kwa upepo peke yake.

Kwa hiyo Kipimajoto, chuma ni kilekile na mapanga ni yaleyale. Ukikutana na watu wa mradi mpya kwenye mkutano wa wananchi, waulize kama uwezo huo umo kwenye mkataba, na kama mitambo itabaki gridini volteji ikianguka mara sita ndani ya dakika mbili.